Paa Moja, Choo Kimoja

Nyinyi mnaotafutia watu nyumba kwa simu, hebu wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Nasikia mmefungua ofisi hapa Kitale, karibu na soko, ina kiti cha kuzunguka na picha za vyumba ukutani. Hongereni. Ofisi yetu sisi ilikuwa miguu. Nilifanya hiyo kazi hapa Kitale kwanza, halafu Bungoma mume wangu alipohamishwa kikazi, kisha nikarudi, na sasa magoti yamenistaafisha kabla sijaamua mwenyewe. Wengine wenu ni mimi niliyewatafutia wazazi wenu chumba cha kwanza, kwa hivyo mtanivumilia.

Siku hizi kijana anakuja anasema, "Mathe, nataka keja, lakini isiwe bei mbaya." Mnafikiri hilo swali ni la leo? Hata sisi tuliulizwa hivyo hivyo, ni vile tu tuliitwa mama na wala si mathe. Nyumba nzuri ya bei nzuri kila mtu anaitaka, na haiko kwenye barabara kuu ikikungoja.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Barasa, Mbukusu mmoja mrefu aliyeuza mkaa asubuhi na kutafutia watu nyumba mchana. Mzee huyo akifika kwenye ploti ya vyumba vya kukodi haendi kwenye chumba. Anaenda kwanza choo, anafungua mlango, anaangalia, anafunga. Halafu anaomba maji ya kunywa kwa yeyote anayefua. Mwanzoni nilidhani ana ugonjwa wa kiu. Kumbe alikuwa anafanya kazi. Ukiletewa maji mara moja, tena kikombe kimejaa, ujue mfereji unatoka na watu wanakaa kwa amani. Ukiona yule mama ameangalia mfereji kwanza, halafu ameangalia dirisha la mwenye ploti, ujue kuna kufuli mahali. Ukiambiwa uende kuomba kwa jirani, wewe shika njia, hapo kuna vita. Alikuwa akiniambia, "Chumba utapaka langi, Mama Njeri, lakini majilani huwezi kupaka." Alisema hivyo hivyo, majilani, na sikuwahi kumcheka, kwa sababu kila mara alisema kweli.

Jambo la pili alilonifundisha ni mavazi. Kulikuwa na karani mmoja kijana, ameletwa Kitale kazi ya serikali, hajui mtu. Nikampeleka kuona chumba kwa mama fulani mwenye ploti. Yeye akaja na suti na tai. Mama alipoiona ile tai, kodi ikapanda hapo hapo tukiwa tumesimama, na mimi nilikuwa nimeshaelewana naye jana yake. Nilikasirika nikaenda kumlalamikia mzee. Mzee Barasa aliposikia, alicheka mpaka akakohoa, akasema huyo kijana avuliwe tai na avalishwe gambuti za shamba. Gambuti zikawa za mume wangu, na mume wangu ana mguu kama jembe. Karani akatembea nazo akiyumba mpaka ploti nyingine, na mwenye ploti huyo akamhurumia sana. Akampa chumba kwa bei ya chini, halafu akamuuliza kama ameshakula.

Na msione nyumba wakati wa kiangazi mkafurahi. Kitale Januari kila paa ni zuri. Ngojeni mvua ya alasiri, ile ya kupiga mabati mpaka hamsikizani, halafu ndipo mwingie muangalie pembe za dari. Hiyo haihitaji kusoma, inahitaji mwavuli.

Sasa mkae vizuri, niwaambie ya Bungoma. Hii ndiyo ilinifundisha swali moja ambalo hata mzee Barasa alisahau kunifundisha, maana kwake lilikuwa la wazi mno.

Mimi nimezaliwa hapa Trans-Nzoia, lakini wazazi wangu walitoka kule kati, Ukikuyuni. Nimekua na Wabukusu, nimekula kwao, nimeimba nao kwaya, lakini mambo ya ndani ya boma lao niliyajua kama mtu anayepita barabarani. Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni, simu za mkononi ndizo zilikuwa zinaingia, na kazi yangu ilikuwa kubipiwa siku nzima, mtu anapiga anakata ili nimpigie mimi. Bungoma watu walikuwa wanasafiri mjini kwa bodaboda za baiskeli, zile zenye kikalio cha sponji nyuma. Mmoja wa hao waendeshaji alikuwa Simiyu. Kijana mpole, miguu imekauka kwa kupanda milima na watu wazito kama mimi.

Simiyu alikuwa na mke anaitwa Nekesa, na Nekesa alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu, hospitali walimwambia alale, asibebe maji, asipande gari la kumtikisa kwenda mbali, na asiachwe peke yake. Sasa mtu wa baiskeli asipotoka asubuhi, jioni hakuna kula. Nekesa alikuwa anabaki peke yake kutwa nzima kwenye chumba kimoja nyuma ya poshomili ya kusaga mahindi, mahali ambapo hata akilia hakuna mtu angemsikia kwa ule mngurumo. Nilimkuta amelala huko siku moja, uso umemwisha, nikahurumia mtoto wa watu.

Simiyu akaniambia anataka vyumba viwili, vikaribiane sana, visiwe mbali na hospitali, na viwe vya bei ya mtu wa baiskeli. Kuna mgeni anakuja kumwangalia Nekesa mpaka ajifungue. Nikamuuliza mgeni ni nani. Akaangalia pedali.

"Ni mgeni tu wa heshima, mama," akasema.

Nikaacha hapo. Vijana, mwanamume akiangalia pedali namna hiyo, muulize tena. Mimi sikuuliza, nikakimbilia kutafuta.

Na nilitafuta, bana. Nilizunguka mitaa yote mpaka viatu vikafunguka mdomo. Nikapata vyumba viwili vinavyofuatana, upande wa kuelekea Kanduyi, ploti ya mistari miwili ya vyumba na uwanja katikati. Nilienda choo kwanza, kilikuwa kisafi. Niliomba maji, nikaletewa kikombe kimejaa. Mwenye ploti haishi pale, kwa hivyo hakuna wa kufunga mfereji. Bei ilikuwa ile ile Simiyu aliweza. Nilijisikia mkubwa siku hiyo, sitawaficha. Tuliwahamisha kwa mkokoteni, Nekesa akaletwa polepole akitembea na kupumzika, na nikamwekea kitanda mahali pasipo na upepo.

Mgeni akafika siku iliyofuata mchana, kutoka kijijini Kamukuywa. Mama mzima, kitambaa kichwani kimefungwa sawasawa, kuku kwapani, mfuko wa unga wa wimbi mgongoni. Nilikuwepo, nilitaka kusifiwa. Simiyu naye alikuwepo, lakini alipomwona tu getini, akashika baiskeli akazunguka nyuma ya nyumba. Mimi nikadhani ameenda kutafuta kiti.

Yule mama hakuingia. Alisimama getini akaangalia mabati kutoka mwanzo hadi mwisho. Akauliza mkwe wake analala chumba gani. Majirani wakamwonyesha. Na yeye atalala wapi? Wakamwonyesha mlango wa pili. Akauliza bafu na choo viko wapi, akaonyeshwa kule mwisho wa mstari, vya watu wote. Basi akarudi nyuma, nje ya geti, akaweka mfuko chini, akaukalia, kuku mapajani.

Hapo ndipo nilijua mgeni wa heshima ni nani. Alikuwa mama mkwe.

Mama mmoja wa pale ploti alinivuta kando akanieleza. Kwao Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana mpaka hawaangaliani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja. Siku hizi familia zingine zimelegeza, wanapeana hata salamu. Hii haijalegeza. Na ndiyo maana Simiyu hakusema. Angeanzaje kumwambia mwanamke wa kando, tena barabarani, habari za mahali mama mkwe wake atalala na mahali ataoga? Kwake hiyo nayo ilikuwa kukosa heshima. Kwa hivyo alinyamaza akitumaini kwamba nitajua mwenyewe, na hata alipoviona vile vyumba aliona haya kusema. Na mimi nami, mtoto wa kule kati, nikampatia kitu ambacho kingenifurahisha mimi. Swali lenyewe ndilo hilo: ni nani hawezi kulala paa moja na nani?

Nilijaribu kujitetea. Nilienda pale getini nikachuchumaa, nikamwambia, mama, si ni vyumba viwili, ukuta uko katikati. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayefundisha mtoto kusuka.

"Mwanangu, ukuta ni wa kando. Mimi naangalia paa. Hilo ni paa moja. Nilale hapo nimsikie mkwe wangu akikoroma? Asubuhi nikutane naye mlango wa choo, mimi na beseni, yeye na sabuni?"

 Alisema kweli, zile kuta za ploti hazikufika juu. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, unaambiwa pole chumba cha mwisho.

Nikamuuliza sasa itakuwaje. Akasema mchana ataingia amhudumie binti yake, hiyo inawezekana mkwe wake akiwa hayuko. Kulala, hapana. Kama hakuna mahali pa kulala, itabidi arudi Kamukuywa na gari la jioni. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini mikono ilikuwa inamshika yule kuku kwa nguvu mpaka kuku akalia.

Tulipokuwa tunaongea hivyo, Nekesa akatokea mlangoni. Ameshika fremu, na alikuwa amekatazwa kusimama. Alikuwa amesikia kila kitu, si nimewaambia kuta zenyewe. Hakuwa analia kwa sauti, machozi yalikuwa yanateremka tu. Haki ya Mungu niliogopa. Niliona mtoto wa tatu anaenda kwa sababu ya mabati.

Mama yake akainuka kwenye mfuko.

"Nekesa, rudi ulale. Sijaenda."

Nekesa akarudi akalala. Na mimi nikaondoka pale haraka, maana gari la jioni lilikuwa halingojei mtu.

Mzee Barasa alikuwa ameshafariki wakati huo, Mungu amweke pema, lakini kuna kitu alizoea kusema ambacho kilinijia njiani. Alisema nyumba ya bei nafuu haiko mahali watu wanakodisha. Iko mahali mwenyewe hajafikiria kwamba inaweza kukodishwa. Kwa hivyo sikwenda ploti yoyote. Nilizunguka nyuma ya ile ile, nikapanda juu ya jiwe la kufulia, mwanamke mzima na sketi yangu, nikachungulia ng'ambo ya ua wa kayaba, ule wa miiba.

Upande ule kulikuwa na boma la mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Makokha. Nyumba kubwa, ng'ombe mmoja, choo chao wenyewe, na kando kabisa stoo ya mahindi. Stoo ya matofali, ina mlango, ina kidirisha, na ina paa lake lenyewe. Ilikuwa kabla ya kuvuna, kwa hivyo nilijua ndani hakuna kitu cha maana. Niliteremka kwenye jiwe nikazunguka mpaka geti lake nikibisha hodi.

Mwalimu alinisikiliza akiwa ameshika redio yake. Akasema yeye si landilodi, hajawahi kuwa, na hataki kuanza uzeeni kusumbuana na wapangaji. Wapangaji wanaleta wageni, wageni wanaleta kelele. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia ni mama mkwe wa mtu, ameletwa kulea binti yake mwenye mimba ya shida, na amekataa kulala paa moja na mkwe.

Mwalimu akazima redio. Akauliza, "Huyo mama saa hii ameketi wapi?"

Nikamwambia ameketi nje ya geti, juu ya mfuko wake.

Akasimama akamwita mkewe, akamwambia magunia yatolewe stoo. Hakuniuliza kitu kingine. Baadaye aliniambia na yeye ana wakwe, na mabinti zake wameolewa mbali, na alijifikiria mke wake ameketi kwenye mfuko katika mji wa watu. Kodi aliyotaja ilikuwa ndogo mpaka mkewe akamwangalia. Kile chumba cha pili cha kule ploti nilikirudisha kwa mwenyewe, akaninunia mpaka nikamletea mpangaji mwingine.

Kabla jua halijashuka, Mwalimu alikuwa ameshakata kipenyo kwenye ua wa kayaba na panga lake mwenyewe, cha kutosha mtu mmoja akiinama. Mama Nekesa akalala kwenye stoo, kwenye godoro la mke wa Mwalimu, hatua chache kutoka kwa binti yake, na paa lake juu yake.

Mnafikiri kazi iliisha? Ngojeni. Mchana mama yuko kwa Nekesa, anapika uji wa wimbi, anamgeuza, anamwosha. Lakini Simiyu anaweza kurudi saa yoyote. Wakakubaliana, bila wao wenyewe kuongea, kupitia kwa Nekesa, kwamba Simiyu akifika kona apige kengele ya baiskeli, na mama atapita kwenye kipenyo arudi upande wake. Wazo zuri, isipokuwa kila mtu Bungoma ana baiskeli. Muuza maziwa akipita, mama anatoroka. Muuza mkate akipita, mama anatoroka. Ugali ukaungua, uji ukafurika. Mwishowe Simiyu akaacha kengele akawa anaimba pambio la kanisa tangu kona. Sauti ya Simiyu si ya kuimba, na majirani waliteseka, lakini hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mimi nilikuwa napita kuwaona. Nilichokiona pale sijakiona kwenye ploti nyingine yoyote. Wale watu wawili walikuwa wanatunzana bila kuonana. Simiyu alikuwa anaacha kuni hapo kwenye kipenyo, zimepasuliwa ndogo ndogo. Siku ya mapato mazuri anaacha nyama imefungwa kwenye gazeti. Mama naye anamwachia chakula kimefunikwa na sahani, kwenye stuli nje ya mlango, na kama shati lake limechanika anaachiwa limeshonwa. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi, na mama mkwe wangu tulikuwa tunaangaliana usoni kila siku, na hatukuwahi kutunzana hivyo.

Uchungu ulipokuja ilikuwa asubuhi, na ilikuwa wakati wake, miezi imetimia. Simiyu alimkalisha mkewe kwenye baiskeli, hakuipanda, akaisukuma kwa miguu polepole mpaka hospitali, kila shimo akiliepuka. Mama alibebwa na mwenzake Simiyu kwenye baiskeli nyingine, na mwenzake akaambiwa abaki nyuma sana. Majirani wanasema ulikuwa msafara wa kuchekesha. Mimi nilifika baadaye nikamkuta Simiyu nje amekalia kikalio cha sponji, anaangalia pedali zake tena. Mama alikuwa ndani. Kila mtu na mlango wake.

Mtoto akawa msichana, mzima, analia kama poshomili.

Mama Nekesa alikaa mpaka mtoto akashika shingo. Halafu mahindi ya Mwalimu yakakaribia kuvunwa, na yeye mwenyewe shamba lake Kamukuywa lilikuwa linamngoja, akasema ataenda. Nilienda kuchukua ufunguo nimpelekee Mwalimu. Nilimkuta anafagia. Alikuwa ameshafagia kila pembe, ameshakung'uta kidirisha, amekunja godoro la watu. Nikamwambia, mama, wacha hiyo, hapa kesho kutwa panajazwa mahindi na panya.

Hakuacha. Alifagia kidogo, akasimama akiegemea ukuta, akaangalia kile kipenyo kwenye ua.

"Wale wawili wa kwanza nililetewa habari tu," akasema. "Nilikuwa shambani, nikaambiwa, nikaendelea kulima. Ningekuja nilale wapi? Huyu nimemwosha mimi mwenyewe, na mikono hii."

Nikalichukua lile godoro nikalitoa nje. Yeye akainama tena akamaliza kufagia mpaka mlangoni.